Kipimo Kabla ya Bei

Kila chombo ambacho mtu hukitumia kwa viungo vyake hutaka kulingana na viungo hivyo. Jembe lenye mpini mrefu mno humchosha mkulima mfupi. Kiatu kinachobana humfanya mwenye miguu mizima achechemee njiani. Na kanzu iliyoshonwa kwa kimo cha jirani haimpendezi anayeivaa hata ikiwa ni ya hariri. Watu wote hulijua jambo hili katika nguo na viatu, lakini wengi hulisahau wafikapo kwenye baiskeli. Huinunua kwa rangi yake, au kwa jina lililoandikwa ubavuni mwake, au kwa urahisi wa bei yake, kisha huulazimisha mwili uifuate. Nataka kusimulia jinsi nilivyotafuta fremu ya baiskeli iliyolingana na kimo changu na mfuko wangu, kwa kuwa katika kuitafuta nilipata mafunzo yanayoweza kumfaa kijana yeyote atakaye kununua chombo cha kumtumikia kwa miaka mingi.

Mimi ni mwalimu katika shule moja ya pwani yetu ya kaskazini, kando ya barabara kuu iendayo Malindi. Umri wangu umepita miaka thelathini, na kimo changu ni sentimita 155. Mwanafunzi wa kiume wa sekondari aweza kunitazama utosini bila ya kuchuchumia. Kutoka nyumbani kwangu hadi shuleni ni kilomita 11, na 4 za mwisho ni za mchanga. Mama yangu anakaa kijijini, kilomita 38 kutoka kwangu. Matatu humfikisha msafiri njia panda tu, na hapo hubaki kilomita 7 za mchanga na mawe ya matumbawe. Nauli ya matatu, pamoja na ya bodaboda, iliniruhusu kumwona mama mara moja kwa mwezi. Naye macho yake yalikuwa yakififia mwaka hata mwaka. Mzazi wa namna hiyo hutaka kutembelewa angali akiutambua uso wa mgeni wake, na mara moja kwa mwezi ni mara chache. Haja yangu ya baiskeli ilianzia hapo, wala haikuwa haja ya mchezo.

Baiskeli zilizo nyingi katika nchi yetu ni zile nyeusi, nzito, za gurudumu la inchi 28, ambazo watu wamezipa jina la Black Mamba. Ni vyombo vya kuheshimiwa. Zimebeba maji, mkaa, nazi, wagonjwa na maharusi. Na pale Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ndizo zilizoanzisha kazi ya kuchukua abiria iliyozaa jina la bodaboda. Walakini fremu yake ya kiume ilinizidi kimo. Ile ya kike, ambayo bomba lake la juu limeshushwa ili mvaaji wa gauni apande kwa heshima, ilikuwa nzito na haikuwa na gia. Tena fremu iliyokosa bomba la juu hunepa kidogo chini ya mzigo, maana imepoteza upande mmoja wa pembetatu yake, na nguvu ya fremu imo katika pembetatu.

Nilitaka mojawapo ya aina mbili. Ya kwanza ni baiskeli ya safari. Hii hutengenezewa mtu aendaye mbali na mzigo. Sehemu ya nyuma ya fremu yake ni ndefu, ili visigino visigonge mifuko iliyotundikwa kwenye keria. Ina vitundu vya kufungia keria na madigadi. Na huacha nafasi ya tairi pana. Aina ya pili ni baiskeli ya saiklokrosi. Saiklokrosi ni mashindano yaliyoanzia Ulaya, ambayo waendeshaji hupita katika matope, mchanga na majani, na mahali pasipopitika hushuka, wakabeba baiskeli begani na kukimbia nayo. Ufaransa ilifanya mashindano ya taifa ya mchezo huo mwaka 1902, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950. Baiskeli yake hufanana na ile ya mbio za barabarani, illa fremu huacha nafasi kubwa zaidi ya tairi na ya matope yanayonata. Mimi sikuwa na nia ya kukimbia na baiskeli begani. Nilitaka ile nafasi tu, kwa sababu tairi nyembamba huzama katika mchanga wa pwani kama kisu katika papai bivu.

Haja ya kulingana na chombo ni ya zamani kuliko fremu tuzijuazo leo. Katika miaka ya 1870 baiskeli ilikuwa na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na pedali zilifungwa katika gurudumu la mbele lenyewe. Gurudumu lilipokuwa kubwa mwendo uliongezeka, lakini ukubwa huo ulikomea pale ulipokomea mguu wa mpandaji. Mtu alipimwa mguu ndipo akauziwa gurudumu. Thomas Stevens, mzaliwa wa Uingereza, aliizunguka dunia kwa baiskeli ya namna hiyo kati ya mwaka 1884 na 1886. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Tangu hapo mguu haukuamua tena ukubwa wa gurudumu. Kazi ya kulingana na mpandaji ilihamia katika fremu, na huko ndiko iliko hata leo. Anayenunua fremu bila ya kupima ni sawa na mtu wa zamani aliyenunua gurudumu ambalo miguu yake haikuweza kulizungusha.

Kwa hiyo nilijipima kabla ya kwenda sokoni. Nilisimama peku, mgongo ukutani, nikaweka kitabu kigumu katikati ya mapaja na kukivuta juu mpaka kikakaza, ukingo wake ukiwa umelala sawa. Mdogo wangu alipima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni, akapata sentimita 71. Tulipima mara tatu, kwa maana kipimo kimoja ni habari, na vipimo vitatu vinavyokubaliana ni ushahidi.

Ziko hesabu mbili nyepesi zilizoenezwa na watu wa mbio za baiskeli katika miaka ya 1980. Ukizidisha urefu huo wa mguu kwa 0.883, unapata urefu wa kiti, kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti. Ukiuzidisha kwa 0.67, unapata kipimo cha bomba la kiti katika fremu ya barabarani ambayo bomba lake la juu limelala sawa. Kwangu mimi kiti kilitaka sentimita 62.7, na fremu ilitaka sentimita 47.6. Hesabu hizi ni mwanzo wa kutafuta, wala si hukumu ya mwisho. Watu wawili wenye miguu sawa waweza kutofautiana mikono na kiwiliwili, na hapo bomba la juu ndilo linaloamua. Likiwa refu mno mpandaji hulazimika kujinyoosha. Uzito wake huangukia viganja, vidole hufa ganzi, na shingo hulalamika usiku. Kiti hupanda na kushuka kwa spana moja. Bomba la juu halirefuki wala halifupiki.

Nilipouliza bei ya baiskeli mpya ya safari, niliambiwa kiasi kilichozidi mishahara yangu ya miezi mitatu. Nilishukuru nikatoka. Mfukoni nilikuwa na shilingi 18,000, akiba ya mihula miwili. Basi nilielekea kwenye fremu kuukuu zinazoletwa kutoka ng'ambo, na kwa muda wa miezi minne Jumamosi zangu nyingi zilikwisha katika vibanda na yadi, mkononi nikiwa na futi ya fundi cherehani. Fremu nyingi nilizoziona zilikuwa za sentimita 54, 56 na 58. Zilikuwa nzuri, na zilikuwa za watu wengine.

Siku moja mjini Mombasa mwuzaji mmoja alinitolea fremu ya chuma, rangi ya samawati, ya safari kabisa. Ilikuwa nyepesi, ina vitundu vyote vya keria, na maungio yake yalikuwa yameunganishwa kwa ustadi. Niliipenda kabla ya kuigusa. Nilipima bomba la kiti, nikapata sentimita 56. Mwuzaji aliitia magurudumu akaniomba niisimamie, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Nililazimika kusimama kwa ncha za vidole.

"Hilo si neno, mwalimu," alisema. Alilegeza nati, akakishusha kiti mpaka kikalala juu ya bomba. "Umeona? Sasa yakutosha."

"Kiti kimeshuka," nilimjibu, "lakini bomba la juu limebaki palepale."

"Utazoea, mwalimu. Kila mtu huzoea." Aliishusha bei kutoka shilingi 9,000 hadi 6,000, kisha akaongeza methali: "Mchagua nazi hupata koroma."

Sikukasirika, maana alikuwa akifanya kazi yake. Lakini nililifikiri neno lake njia nzima ya kurudi. Neno "utazoea" limeuza viatu vingi vinavyobana, na limeozesha watu wasiopendana. Ni kweli kwamba mtu huzoea sauti ya bahari, chumvi ndogo katika mchuzi na majirani wenye kelele. Goti halizoei kuvutwa vibaya mara elfu tano kwa saa. Huumia kidogo kidogo, likanyamaza, kisha siku moja likasema. Na mpandaji asiyeweza kukanyaga chini anapolazimika kusimama ghafula mbele ya lori hapewi nafasi ya kuzoea. Ama ile methali ya nazi, ni ya kweli kwa mtu achaguaye bila ya kujua atakacho. Ajuaye kipimo chake hachagui, anatafuta. Wenye kuchagua huvutwa na macho, na mwenye kutafuta huongozwa na haja.

Walakini sitasema kwamba ilikuwa rahisi kuondoka. Likizo ya Desemba ilikuwa karibu, na mama alikuwa amenieleza kwa simu kwamba jioni hatambui tena mbuzi wake hata akiwa karibu nao. Kila Jumamosi niliyorudi mikono mitupu ilikuwa ni Jumamosi moja niliyokosa kwenda kwake. Aliye na fedha kidogo na haja kubwa hushawishika kuliko tajiri, na ndiye asiyeweza kulipa mara mbili.

Mwisho nilifika kwa fundi mmoja mzee, katika kijumba cha mabati chini ya mwembe, karibu na Kilifi.

"Sabalkheri, mzee wangu."

"Aheri, mwalimu. Karibu kivulini."

Nilimweleza kwamba natafuta fremu ya safari au ya saiklokrosi. Hakuniuliza nina fedha ngapi. Aliniuliza nitapita njia gani, nitabeba mzigo gani, na mguu wangu ni sentimita ngapi. Nilipomjibu alitikisa kichwa.

"Gurudumu la 700 ndilo linalokupotezea wakati," alisema. "Hilo rimu yake ni milimita 622. Ukiliweka katika fremu ndogo sana, gurudumu la mbele hukaribia pedali, na ukikata kona kwa mwendo wa taratibu kidole cha mguu hugonga tairi. Mtu wa kimo chako hufaa gurudumu la inchi 26."

Alitoa nyuma ya kijumba fremu ya chuma, rangi yake imechujuka, ya zile baiskeli za milimani zilizotengenezwa kabla ya foki za springi kuenea. Baiskeli za milimani za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 nyingi zilikuwa na foki ngumu, sehemu ndefu ya nyuma, nafasi ya tairi pana, na vitundu vya keria. Ukizihesabu sifa hizo, msomaji, utaona kwamba ni zilezile za baiskeli ya safari. Tena tairi za inchi 26 za baiskeli hizo hupatikana hata katika maduka ya vijijini.

"Lakini mzee, hii haiitwi ya safari," nilisema.

"Mwalimu," alijibu, "hilo jina lina urefu wa sentimita ngapi?"

Nilicheka, nikatoa futi yangu. Bomba la kiti lilikuwa na sentimita 40. Kipimo hicho hakikupingana na hesabu yangu ya 47.6, kwa kuwa bomba la juu la fremu hiyo huinama kuelekea nyuma, na mlingoti wa kiti ndio unaojazia kilichopungua. Alipoitia magurudumu nikasimama juu yake, nyayo zote mbili zikiwa chini, palibaki nafasi ya sentimita 5 kati yangu na bomba. Tulipima na urefu wa mbele, kutoka kiti hadi usukani, nikaweza kuushika huku viwiko vimelegea.

Kulingana peke yake hakutoshi, maana fremu kuukuu yaweza kukulingana na kuwa imekufa. Mzee alinionyesha jinsi ya kuikagua. Alifunga uzi kwenye tundu la ekseli ya nyuma upande wa kushoto, akaupitisha mbele ya bomba la usukani, akaurudisha hadi tundu la kulia. Alipima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kila upande. Nafasi zikiwa sawa, fremu imenyoka, zikitofautiana, imepinda. Kisha alipapasa chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani, akitafuta mikunjo katika rangi, ambayo ni alama ya baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele. Alichungulia ndani ya ganda la ekseli ya pedali, mahali ambapo maji hutuama na kutu hula kimyakimya. Alihakikisha kwamba mlingoti wa kiti unatoka na kurudi, kwa kuwa uliogandamana na fremu waweza kuifanya isifae kitu. Mwisho alifungua hesi za ganda, akinieleza kwamba katika hesi ya Kiingereza upande wa mnyororo hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha desturi, na kwamba fundi asiyejua hilo hukaza zaidi huku akidhani anafungua.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: fremu na foki shilingi 5,500, magurudumu na tairi 4,600, mnyororo, gia na pedali 3,700, breki 1,100, keria na madigadi 1,400, na ufundi 1,200. Jumla ilikuwa shilingi 17,500. Zile 500 zilizobaki nilinunua pampu. Mzee alinionya pia kwamba tairi mbili zaweza kuandikwa inchi 26 na zisiingiliane: moja ni ya rimu ya milimita 559, kama yangu, na nyingine ni ya milimita 590, ya baiskeli za mjini za zamani. Namba hiyo ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi ndiyo ya kusoma. Ile kubwa hudanganya.

Jumamosi ya kwanza ya likizo nilitoka alfajiri, nikafika kwa mama jua halijawa kali, baada ya saa tatu na nusu za mwendo wa taratibu. Katika zile kilomita 7 za mchanga nilishuka mara mbili tu. Mama alitoka uani, akanitambua kwa sauti, kisha akaipapasa baiskeli: usukani, bomba la juu, kiti, na kilo mbili za unga zilizofungwa kwenye keria.

"Ni fupi kama wewe," alisema.

Sikumbuki sifa nyingine ya baiskeli iliyonifurahisha kuliko hiyo. Tangu siku hiyo nimekwenda kwake kila wiki, illa wiki za mvua kubwa, na bado huuona uso wangu nikikaa upande wa mwanga.

Vijana wanaosoma insha hii wengine watanunua baiskeli, wengine cherehani, wengine shamba, na wote watachagua kazi. Katika kila sokoni watakapoingia watamkuta mtu mwenye ulimi mtamu atakayewaambia kwamba bei imeshuka na kwamba watazoea. Fedha zikiwa chache, kipimo ndicho mlinzi wa fedha hizo. Chombo cha bei ndogo kisichokufaa hulipiwa mara ya kwanza dukani, na mara ya pili mwilini, na hayo malipo ya pili hayana mwisho wala hayana punguzo. Basi jipime nyumbani, peku, kwa saburi na kwa kweli, uandike namba zako katika karatasi, na uitie karatasi hiyo katika mfuko uleule wenye fedha. Ukifika sokoni, itoe karatasi kwanza.